Mbuzi wa Kujikuna

Wakwe watarajiwa wa binti yangu walipokuja Kangundo kuzungumzia mahari, pombe ilikuwa imeshaniharibu ini, na mwili uliniwasha kutwa. Harufu ya kaluvu, pombe waliyoileta kwa heshima yangu, ilinitia kichefuchefu, basi nikawa natafuna tangawizi kimyakimya. Kila nilipojikuna, msemaji wao alidhani nimekataa, akaongeza mbuzi. Sikumsahihisha.

“Mzee huyu ni mgumu!” alilalamika.

Bwana harusi akainamisha kichwa kama mtu anayetaka kwenda zake. Binti yangu akaja na kitambaa kilicholowa maji baridi, akanifunga mkononi mbele ya wote.

“Baba haringi. Anawashwa tu, ni ini.”

Walicheka, wakaondoa mbuzi wote wa ziada. Muwasho waliniachia.