Seva Yenye Kufuli Tatu

Kikundi cha wakulima wa mboga kiliponiita nikawasaidie na seva, jambo la kwanza nililoambiwa ni kwamba haitafunguliwa na mtu mmoja. Seva yenyewe walikuwa hawajaijua ni kitu gani, lakini hilo walikuwa wameshalipitisha kikaoni.

Mimi nilikuwa nafundisha kompyuta chuoni, mjini Morogoro. Wao walikuwa juu Uluguru, kwenye kijiji cha misheni ambako barabara ya gari inaishia chini ya kanisa, na kabichi zinashushwa kichwani mpaka hapo. Walikuwa wamechoshwa na madalali. Tangu biashara iwe huria, bei alikuwa anapanga dalali. Alikuja na lori, akatazama mzigo uliokwisha kukatwa, akatazama wingu, akataja anachotaka, maana alijua kabichi iliyokatwa haina subira. Katibu wa kikundi, dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini, ndiye aliyepata wazo la tovuti ndogo: hoteli na wenye migahawa wa Dar es Salaam waweke oda kwanza, ndipo watu wakate. Nililipenda wazo lile. Nikawatengenezea tovuti, nikawatafutia na seva ya bei nafuu.

Niliwaeleza tukiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya parokia. Nikasema seva ya namna hii ni kama chumba katika nyumba ya kupanga. Nyumba yenyewe ni kompyuta kubwa iliyoko Ulaya, imegawanywa vyumba vingi, na ninyi mmepanga kimoja. Mwenye nyumba anawapa paa na umeme, basi. Kufagia, kufunga mlango, kuziba matundu ya panya, hayo ni yenu wenyewe. Ndiyo maana kodi yake ni ndogo.

"Na mwenye nyumba akitaka kututoa?" aliuliza mweka hazina, mama mmoja wa makamo ambaye shamba lake la kabichi lilikuwa kubwa kuliko ya wenzake wote.

"Mkikaa vizuri hawatoi, mama."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Sanduku la kikundi lilikuwa la chuma, lenye kufuli tatu. Funguo zilikaa kwa watu watatu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na halikufunguliwa mpaka wote wawepo mbele ya wanachama. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hufanya hivyo, ila wao walikuwa na sababu yao. Zamani ghala la ushirika lilikuwa na ufunguo mmoja, kwa karani mmoja, na asubuhi moja watu walikuta ghala tupu, hata mzani haupo. Kwa hiyo paswedi ya seva nayo ikakatwa vipande vitatu. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa pia katekista, akashika kipande cha mwanzo, katibu cha katikati, mama cha mwisho. Mimi niliyeijenga sikupewa hata herufi. Walipokuwa wanaingiza vipande vyao nilitolewa nje, nikasimama kizingitini kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Nilijaribu kuwaeleza, na kueleza ndiyo kazi yangu, huwa sichoki upesi. Nikasema sanduku ni la kufunguliwa siku ya mkutano, lakini seva inataka kufunguliwa mara kwa mara. Programu zilizomo ndani zinazeeka. Waliozitengeneza wakigundua tundu hutoa kiraka na kutangaza, ili kila mwenye nayo azibe. Sasa tangazo hilo mwizi naye analisoma. Siku kiraka kinapotoka, aliyechelewa kukiweka ni sawa na aliyebandika karatasi ukutani kuonyesha tundu liko wapi.

"Tumekuelewa vizuri sana, mwalimu," akasema mwenyekiti. "Tutaweka viraka siku za mkutano."

Siku za mkutano! Nilipanda mlima ule na kompyuta mgongoni, nikaambiwa mwenyekiti kaitwa parokiani, askofu anakuja. Nikapanda tena, katibu yuko kwenye kusahihisha mitihani. Nikapanda mvua ikiwa imekata njia, mama yuko ng'ambo ya pili ya kijito, ananipungia mkono. Safari moja walikuwepo wote, nikashukuru Mungu. Nilikuwa nimeweka mlinzi kwenye seva, programu inayomfungia nje kwa muda yeyote anayekosea paswedi kila mara, kwa sababu wezi wa mtandao hubisha hodi mchana kutwa wakijaribu maneno. Mwenyekiti akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Akakosea. Wakarudia wote watatu, akakosea tena. Wakarudia. Mlinzi wangu akamfungia nje.

"Ndio ulinzi huo?" mama akauliza.

"Ndio wenyewe, mama."

"Unafanya kazi."

Tukangoja mpaka mlinzi atufungulie, na kabla hajafungua, umeme ukakatika.

Nilikuwa nimeomba pia nakala za oda zitunzwe mahali pengine, nje ya seva. Nikasema nakala iliyo ndani ya chumba kilekile si nakala, nyumba ikiungua vinaungua vyote viwili. Hoja yangu ikaingizwa kwenye ajenda. Mkutano ukawa na mambo mengi, ikaahirishwa.

Basi asubuhi moja nikiwa chuoni, nikapata barua pepe kutoka kwa mwenye nyumba wa Ulaya. Alisema chumba chetu kinatuma barua taka kwa watu wa dunia nzima. Amekikata kwenye mtandao. Tuingie kwa njia ya dharura, ile inayopita kwenye ukurasa wake mwenyewe, tukisafishe. Kama mpaka kesho hatujafanya hivyo, atafuta kila kilichomo.

Na humo ndani ndimo zilimokuwa oda zote za wiki ile. Kabichi zilikuwa zimekwisha kukatwa. Nani anataka ngapi, simu yake ipi, mzigo ushukie stendi ya Msamvu au uende moja kwa moja Dar, hakuna aliyekuwa nayo kichwani.

Nikampata katibu kwa simu, nikampata na mwenyekiti. Mama alikuwa msibani, kitongoji cha juu kabisa, ambako simu hushika kwenye jiwe moja tu. Wakamtuma mtu amwite, mama akaenda kusimama kwenye jiwe.

Nikamweleza upesi. Nikamwambia, mama, nitajie hicho kipande chako sasa hivi, wenzako nimeshawapata, tutaingia.

"Sisemi kwenye simu."

"Mama, kabichi zitaoza."

"Na zangu zimo, tena nyingi kuliko za watu wote. Lakini sisemi. Hata mume wangu simwambii, nije nikwambie wewe hewani?"

"Mimi ndiye niliyeijenga, mama."

"Na karani ndiye aliyejenga rafu za ghala. Nakuja."

Nikachukua pikipiki mpaka kanisani. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu, mpaka dereva akaniuliza kama nimefiwa. Tulingoja ofisini kwa paroko, katibu akizunguka na kurudi mlangoni, mwenyekiti akisali kimya, mimi nikitazama skrini isiyoniruhusu. Jua lilikuwa limeshapinda mama alipotokea, tope mpaka magotini, khanga ya msiba bado ameifunga kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Geuka."

Nikageuka. Mwenyekiti akaandika kipande chake taratibu, akitamka kila herufi bila sauti, akifuatiwa na katibu, kisha mama. Mlango ukafunguka kwa jaribio la kwanza. Sijui kama mzee aliwahi kujivuna kama siku ile.

Nilipoangalia ndani niliikuta programu iliyopandikizwa na mwizi, imejikunyata kwenye folda ya picha za karoti, inachapa barua mfululizo ingawa zote zimekwama. Nikawaonyesha.

"Kaingiaje?" mama akauliza. Alikuwa amewakazia macho wenzake. "Kipande changu hakijui mtu."

"Hata changu," katibu akasema.

"Hakupita mlangoni," nikasema. "Paswedi yenu hakuigusa. Kapita kwenye tundu la programu ya tovuti, lile ambalo kiraka chake kilitoka tangu masika."

Mwenyekiti akavua kofia, akaiweka mezani. "Kwa hiyo sisi tumelinda mlango."

"Mmeulinda vizuri sana, mzee."

Nilikusudia kumfariji. Lilivyotoka lilikuwa kama tusi, na kusema kweli nilikuwa na hasira kiasi cha kutosha kuliacha lilivyo.

Kwa kuwa mtandao wa seva ulikuwa umekatwa, hatukuweza kuzitoa oda. Tuliweza kuzisoma tu. Katibu akapiga picha skrini kwa simu yake, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akatoka nje na kuanza kumpigia mteja mmoja mmoja. Wa migahawa wengi walikuwa bado wanangoja. Hoteli kubwa, ile iliyoagiza nusu ya mzigo, ilikuwa imefungua tovuti asubuhi ikakuta giza. "Tulidhani mmefunga biashara, dada," walimwambia. Walikuwa wameshanunua kwingine.

Jioni lori la dalali likapanda. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Akashuka akiwa anatabasamu, akasalimia watu wote kwa adabu, halafu akasimama mbele ya rundo la mama.

"Shikamoo mama. Vipi, leo mtandao umekata?"

"Marahaba. Taja bei, uondoke."

Akataja. Mama hakubishana. Akawaita wanawe wapakie, yeye akakaa kwenye ngazi za kanisa, akaanza kukwangua tope miguuni kwa kijiti.

Lori lilipokwisha kushuka ni yeye aliyenifuata. "Haya, mwalimu. Sema tena yale uliyokuwa unasema."

Nikasema tena, safari hii wakiwa wameniacha nimalize. Kila mmoja awe na ufunguo wake kamili, si kipande. Seva ijiwekee viraka yenyewe kila alfajiri bila kungoja mkutano. Nakala za oda ziende kwenye kompyuta ya shule kila siku. Na mimi nipewe ufunguo, ili likitokea jambo nisimsumbue mtu msibani.

"Na ukiingia, sisi tutajuaje?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na mimi kwa miezi yote ile nilikuwa nimelijibu kwa maelezo badala ya kulijibu kwa kazi. Nikawaahidi kwamba yeyote atakayeingia, awe mimi au wao, simu zao zote zitapata ujumbe papo hapo, wenye jina lake na saa. Wakatazamana. Mwenyekiti akasema ijaribiwe kwanza.

Nikaifuta seva ile yote, nikaijenga upya, nikaweka kila nilichoahidi. Siku chache baadaye, nikiwa chuoni kati ya vipindi, niliingia kuhakikisha kama viraka vya alfajiri vimekaa. Sikuwa nimemaliza mstari wa kwanza simu ikaita.

"Umeingia," akasema mama.

"Ndiyo mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini humo?"

Nikamweleza viraka ni nini, vya leo vinaziba wapi, na kwa nini inafaa mtu avikague hata kama mashine imeviweka yenyewe. Hakunikatiza. Nilisikia jembe likigonga jiwe, likatulia.

"Sawa. Umeshamaliza?"

"Bado kidogo, mama."

"Nangoja," akasema, na hakukata simu.