Saini ya Tonton

Kwa miaka mingi nilijenga nyumba za watu wa Kisangani kwa leseni za wanaume, kwa kuwa mimi mwanamke sikuwa na yangu. Uashi nilifundishwa na papa, baba yangu. Nilipoamua kutafuta leseni yangu mwenyewe ya ukandarasi, ofisi ilinidai caution, yaani barua ya dhamana kutoka kampuni ya bima: nikiikimbia kazi katikati, kampuni ilipe. Kampuni nayo ikataka mtu mwenye nyumba yenye hati anidhamini.

Nilikuwa naye mmoja tu: tonton, mjomba wangu, mdogo wa mama, mstaafu wa reli anayekaa Lubunga, ng'ambo ya mto. Alikubali kabla sijamaliza kueleza. Wepesi ule ulinitia hofu.

Tulivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa abiria, hadi ofisi ya kampuni, hati ikiwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya shati lake. Karani, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alisoma mkataba wote kwa Kifaransa, haraka haraka, kisha akamsogezea tonton kalamu. Tonton hakuishika. Kifaransa chake ni cha mabehewa na saa za treni. Akanigeukia; mimi huniita mama, kwa kuwa ni binti wa dada yake.

"Mama, anasema nini?"

Ningemwambia ni karatasi ya kawaida, angesaini. Karani alikuwa akinitazama, na nadhani alijua ninachowaza.

"Anasema, tonton, kama mimi nashindwa kazi, kampuni italipa. Kisha watakuja kwako. Kama hauna ya kuwarudishia, watauzisha nyumba."

"Nyumba ya Lubunga?"

"Ile ile."

Aliisukuma kalamu irudi kwa karani. "Bon, sawa. Turudi kwanza."

Tukapanda pirogi. Nilikaa nyuma yake nikiitazama shingo yake, nikiamini kwamba leseni nimeikosa na yeye pia nimempoteza.

Siku tatu baadaye nilikuwa juu ya jukwaa la mbao, mtaa wa Tshopo, nikamwona amesimama chini. Aliomba timazi, ile ya kupimia wima wa ukuta, hata kabla ya salamu, akaishusha kona moja baada ya nyingine. Kwenye kona ya tatu alikawia. Niliijua kona ile.

"Hapa imepinda."

"Ndiyo, tonton. Nilitaka kuifunika na plasta."

"Na sasa?"

"Nitaibomoa."

"Bomoa. Niko naangalia."

Nilibomoa kozi nne za matofali, safu kwa safu, mbele yake. Tofali la mwisho lilipotoka, akasema, "Kesho tutaenda kusaini."

Akasaini kweli. Tulipotoka mlangoni alinishika mkono. "Tantine yako hajui kitu. Usimwambie."

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Tantine, mke wake, ndiye aliyekuwa ameipaka nyumba ile udongo kwa mikono yake kabla haijawa ya matofali. Leseni ilipotoka, kazi yangu ya kwanza ilikuwa zahanati ndogo, na kila mvua iliponyesha niliona ukuta ukianguka na tantine akitolewa nje na sufuria zake. Jumapili moja alinipakulia pondu, yale majani ya muhogo, na samaki, nami nikamrudishia sahani ikiwa nusu.

"Unakonda, mutoto yangu," alisema. "Kazi iko nzito?"

"Iko nzito, tantine."

Mwaka ulipoisha, zahanati ilipokelewa bila kasoro. Kampuni ikaandika barua ya kumwondolea tonton dhamana, nikaivusha mto siku hiyo hiyo. Niliwakuta wote wawili shambani, wanang'oa muhogo. Tantine alikuwa karibu, akanyoosha mkono wake kwanza kuipokea. Sikuwa na ujasiri wa kumnyima.

Kifaransa alikijua kuliko mumewe; aliisoma polepole hadi mwisho. Akamtazama mumewe, kisha mimi.

"Nyumba yetu, mwaka muzima?"

Aliikunja barua, akaiingiza kifuani, akainama tena kwenye muhogo wake. Mimi na tonton tulisimama pale pale kama watoto waliovunja mtungi, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kusogea mpaka alipomaliza mstari mzima.