Zeze Lisilosikika Arusini

Nakumbuka asubuhi ya arusi ya dada yangu Mwanaidi, nimejificha nyuma ya banda la mbuzi, zeze mapajani, machozi yananitoka na ndevu zimeshaota. Mjerumani ndiye aliyekuwa akitawala, reli ndiyo kwanza imefika Morogoro mjini, nasi tulikuwa huku mlimani na migomba yetu na maharage yetu. Sikuwa nimefiwa, mwanangu. Zeze langu lilikuwa halisikiki, basi.

Unajua sisi Waluguru ukoo wetu ni wa mama. Katika nyumba yetu bibi arusi hatoki mpaka mjomba aimbe majina ya bibi zake waliotangulia, na wakwe wayasikie. Wasipoyasikia, watasema binti ameokotwa njiani. Kila jina lina wimbo wake, mfupi, ukisikika tu hata mtoto wa kijiji cha pili anajua ni jina gani. Lakini mjomba wetu alikuwa amezeeka na kifua kilimsumbua. Akiimba, aliye jirani yake tu ndiye aliyemsikia. Ndipo aliponiita akaniambia, "Pale pumzi itakaponikatika, wewe nibebe kwa zeze."

Ukubwa wa neno hilo ulininyima usingizi. Zeze nilijifundisha mwenyewe shambani, nikiamia nyani wasile mahindi. Hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo nami sikujua kumwomba mtu mkono. Nilitaka kila kitu kiwe sawasawa, na kiwe kimetoka kwangu. Nikatafuta kibuyu kikubwa zaidi ili sauti ikue, nikakikwangua ndani kiwe chepesi, nikakikwangua tena, mpaka kikapasuka. Nikashuka Kingolwira kwenye kambi ya wajenzi wa reli, nikaomba debe la mafuta ya taa lililokwisha, nikalifunga mahali pa kibuyu. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga. Lilivuma kweli, kama nyuki walioingia kwenye sufuria. Mjomba alisikiliza, akakuna kidevu, akauliza, "Hilo ni jina la mama yangu au la Mjerumani?"

Nikarudi kwenye kibuyu changu cha zamani, moyo umeingia baridi.

Asubuhi hiyo wakwe wakaja na ngoma zao. Mpiga ngoma mkuu alikuwa Mzee Kibwana, mtani wetu, mtu wa mdomo. Aliponiona najaribu nyuzi akapaza sauti, "Kijana, hilo zeze au unasugua mtungi? Ukianza kupiga nipungie mkono, nijue!" Watu wakacheka. Nami nikaenda zangu kwa mbuzi.

Bibi Mwamvua, mdogo wake marehemu mama wa mama yangu, akanifuata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe leo wanaolewa mbuzi?"

Sikuweza kucheka. Nikamwambia, "Ngoma zao zitanimeza, bibi. Majina hayatasikika."

"Umemwambia Kibwana?"

"Nimwambie nini? Si umesikia anavyonicheka?"

"Mtani asipokucheka, atakucheka nani? Umekwangua kibuyu, umefunga debe, umekesha. Mdomo wako tu ndio hukuutumia. Mficha uchi hazai. Inuka ukamwombe."

Sitakuficha, mwanangu, niliona heri kupanda mlima mzima na gunia la maharage kichwani kuliko kuuvuka ule uwanja. Nilimkuta Mzee Kibwana anaipasha joto ngozi ya ngoma yake kwenye moto wa majani makavu. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: ngoma yako ikilia mimi sisikiki, na mjomba hana sauti, na dada yangu ni huyu mmoja tu.

Hakucheka. Alibonyeza ngozi kwa kidole gumba, akaisimamisha ngoma mbele yangu. "Lete zeze. Mguu wake, hiyo ncha ya chini, uweke hapa, juu ya ngozi. Usikandamize. Haya, gusa."

Nikagusa uzi mmoja. Sauti ikazama ndani ya ngoma, ikatoka pana, tamu, kana kwamba zeze limeota kifua.

"Ulikuwa unatafuta tumbo kubwa," akasema, "na mimi ninalo, mjinga wewe! Hukuniuliza." Kisha akawageukia wenzake. "Mikono chini! Atakayegonga kabla hawajamaliza, atakula pumba na mbuzi wa watani."

Mjomba akaanza kuimba. Katikati ya majina kifua kikambana. Nikaubeba wimbo, ukatoka ndani ya ngoma ya wakwe wenyewe, nao wakaliitikia jina lile kwa sauti moja. Uzi mmoja ulikuwa umelegea kidogo. Unaniuma hadi leo, na hakuna mwingine aliyeusikia. Mwanaidi alitoka mlangoni shingo juu, na mama mkwe wake akampokea huku anayarudia majina yetu.

Basi, mwanangu, kazi yako ifanye vizuri, sikukatazi. Lakini inapokushinda, usiende kulia mafichoni na kuendelea kukwangua. Mwendee yule unayemwona mshindani wako, umwambie wazi unachokosa. Huenda nguvu unayoihangaikia iko mikononi mwake, na anachongoja ni kuombwa. Na ukisaidiwa, usione haya.

Mungu akupe kazi unayoipenda, na watani wa kukucheka bila kukutupa. Mvua ya Uluguru ikunyeshee shambani, na jina la mama yako liitikiwe kila utakapofika. Amin.