Maandamano ya Mwisho ya Mwalimu wa Fanfari

Siku tulipomzika mwalimu wa fanfari, yaani bendi ya tarumbeta ya shule, nilisikia karibu na kaburi sababu tatu za kuondolewa kwake katika muziki. Mmoja alisema alikuwa mlevi. Mwingine alisema aliuza tarumbeta ya shule ng'ambo ya ziwa, Usumbura. Wa tatu, ambaye wakati ule alikuwa hajazaliwa, alisema aligombana na Wazungu kwa ajili ya siasa. Niliwauliza ni nani kati yao aliyeshuhudia. Walingoja nigeuke, wakaendelea kuongea. Mimi nilikuwapo. Naandika hapa yale niliyoyaona, na yale niliyoambiwa na yeye mwenyewe.

Ilikuwa Uvira, katika miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka shule ya walimu, nikapewa kufundisha hesabu katika shule ya sekondari ya misioni. Kwa kuwa nilikuwa mrefu na sikuchoka upesi, yeye alinikabidhi ngoma kubwa. Alikuwa mtu mzima tayari. Muziki alijifunza katika jeshi la serikali, kwa kleroni, ile tarumbeta fupi ya kambini isiyo na pistoni za kubonyeza kwa vidole wala kitufe cho chote, ambayo sauti zake zote hutoka midomoni. Noti za kwenye karatasi alijifunza baadaye, peke yake, na alizisoma vizuri.

Aliwafundisha wanafunzi kuimba sehemu zao kwanza, mwezi mzima, mikono mitupu. Asiyeweza kuimba hakupewa chombo. Hakupiga mtu, na hakusifu mtu. Kijana akipuliza vizuri alimwambia, "Rudia," na kijana akipuliza vibaya alimwambia vilevile. Watoto wa wakulima wa bonde la Ruzizi, ambao hawakuwahi kuona shaba ila sufuria, walitoka mikononi mwake wakipiga misa nzima bila kukosea.

Mwaka ule alifika mtawa kutoka Ulaya, mwenye diploma ya muziki. Padri mkuu wa misioni alimwambia mwalimu kwamba ataamua baada ya Sikukuu ya Ekaristi ni nani atakayeshika fanfari. Jioni ile tulitembea pamoja kuelekea Songo, ambako sote wawili tulikuwa tumepanga.

"Weye kijana, hesabu unaweza kufundisha popote," aliniambia. "Minye niko na hii tu."

Tukaendelea kutembea. Hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Majuma machache kabla ya sikukuu, mafuta ya pistoni yalikwisha. Yaliagizwa Usumbura, hayakufika. Pistoni kavu hukwaruza, na wanafunzi walimwona mwalimu wao akizisikiliza kwa uso uliokunjamana. Kwetu kila kinachokwama hupakwa mawese: bawaba ya mlango, mnyororo wa baiskeli, hata goti la bibi. Usiku wa kuamkia sikukuu yakapakwa kwenye pistoni, baada ya kuchujwa kwa kitambaa safi.

Asubuhi ya kiangazi ubaridi hushuka kutoka milimani, na vumbi la bondeni lilikuwa limeanza. Mawese yaliganda. Tulipojipanga mbele ya kanisa, pistoni hazikushuka, na zilizoshuka hazikupanda. Padri mkuu alikuwa tayari amesimama chini ya hema la maandamano, Sakramenti mikononi. Mwalimu alipita mstari kwa mstari, akanusa chombo kimoja, kisha akazivuta pistoni juu moja baada ya nyingine kwa vidole vyake, vyombo vibaki kama kleroni. Hakuuliza kitu.

"Leo ni midomo tu," alisema. "Vidole mupumzishe. Munifuate minye."

Akaanza kuwaimbia, kwa sauti ya chini, miito ya kleroni. Wao walikuwa wamezoea kushika wimbo kwa sikio, wakaushika. Tukatoka. Njia nzima, mpaka barabara ya ziwani na kurudi, fanfari ya shule ilipiga kile ambacho shaba tupu inaweza kutoa: mwito wa kuamka, mwito wa kukusanyika, mwito wa chakula, mwalimu akiupunguza mwendo uwe wa sala. Haikukatika hata mara moja. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, amesimama mlangoni pa duka lake, alimwambia jirani yake:

"Leo Padiri anaenda vita na nani?"

"Na shetani, ndugu yangu. Nyamaza, usije ukaandikwa jeshini."

Nilisikia hayo kwa sababu nilipita karibu nao na ngoma yangu.

Baada ya maandamano tuliitwa ofisini, mwalimu na mimi. Padri mkuu hakuwa na hasira, alizungumza polepole.

"Mbele ya Sakramenti mmepiga nyimbo za kambi. Na vyombo vimejaa mafuta ya kula. Mwanafunzi aliyefanya hivyo ataondoka shuleni leo. Mwalimu wa hesabu, ulimwona nani?"

"Sikumwona mtu, Padiri."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesikia majina asubuhi ile, lakini sikuwa nimeona.

"Na wewe?"

"Ni minye njo niliamuru," mwalimu alisema. "Batoto walitii."

"Wewe unajua pistoni. Huwezi kuamuru kitu kama hicho."

"Niliamuru, Padiri."

Naamini Padri mkuu alijua kwamba si yeye, ila sina ushahidi, kwa hiyo naliacha. Alisema kwamba basi fanfari itashikwa na mtawa, na mwalimu atapewa darasa la kwanza la shule ya msingi. Mwalimu akasema, "Ndiyo, Padiri." Tukatoka. Uani wale vijana walikuwa wamesimama pamoja, kofia mikononi. Aliwapita akiwaambia waende wakaoshe vyombo kwa maji ya moto.

Hakuna aliyefukuzwa. Watatu kati yao baadaye walikuwa makarani, mmoja mganga wa dispensari. Hawakulizungumzia jambo hili mbele yangu, nami sikuwauliza.

Masomo yalipofunguliwa tena, nilipita mara moja mlangoni pa darasa lake kumletea chaki. Alikuwa ameandika irabu tano ubaoni. Wakati huo fanfari ilitokea uwanjani ikiongozwa na mtawa, ikipiga machi mpya ya gwaride, pistoni zote zikifanya kazi. Ilipigwa vizuri, sina budi kusema hivyo. Watoto wadogo wote waligeukia dirishani, wengine wakapanda madawati. Nilimtazama usoni, sikuona kitu. Akagonga ubao kwa kijiti.

"Tazameni hapa," aliwaambia. "Hii inaitwaje?"

"A," walijibu, macho bado dirishani.

"Rudia," alisema.