Tuliosha dola za Baba na ndimu na majivu, parcelle ya Mama ikaenda na maji

Bakubwa wa humu, jambo kwenu. Mimi ni mutu wa Butembo, masomo iliishia mu mwaka wa ine wa primaire, donc mukikuta makosa muruke. Lakini yenye naeleza niliiona na haya macho, na majina nitayaandika, hata langu.

Baba yetu alipikiaka Wamarekani wa mission miaka mingi, kule Kamango. Kila sikukuu ya Noel muzungu wake alimupatia pièce moja ya dola, sarafu kubwa, nzito, ya babu yake yule muzungu. Huku kichwa cha mwanamuke, huku ndege mukubwa. Baba hakutumia hata moja. Aliweka mu mukebe wa maziwa ya poda.

Siku ya kukimbia Kamango, batu walibeba magodoro, yeye akabeba mukebe.

(Wenye walitufukuza na mapanga, majina yao sijui. Ningewaandika hapa ba kwanza.)

Tangu pale tuko Butembo, nyumba ya kulipia. Mama anaombaka kitu moja tu: parcelle yake, kiwanja hata kidogo, asifie kwa batu.

Baba akafa. Mukebe ukabaki, pièce kumi na nane. Tukasema parcelle njo hii.

Mukosaji wa kwanza: cambiste moja wa Beni, mwenye kubadilisha feza, wanamuita Directeur. Directeur wa nini, sijui, iko na meza na parasol. Nikamupelekea zote. Akaziangalia kama naleta panya.

"Papa Paluku, dola gani nyeusi hivi? Nani atakupokelea?"

Na munajua kwetu. Dola ya karatasi ikiwa na kitone cha wino, kona imepasuka kidogo, hata mama wa kuuza sombe anakurudishia. Kuna batu banapiga dola pasi. Donc nikamuamini.

Wa pili: Kasereka, muloko wangu, mudogo wa tumbo moja, fundi wa vitu asivyojua.

"Yaya mukubwa, ni uchafu tu. Tuoshe."

Akaleta ndimu, majivu, na waya ya kusugulia sufuria. Tulisugua siku nzima, tunaimba nyimbo za kanisa. Dada yetu Masika akapita na ndoo.

"Munasugua hivyo, nani aliwatuma?"

Tukamuambia ayo ni mambo ya wanaume.

Wa tatu ni mimi, juu mukebe ulikuwa mu mikono yangu.

Nikarudi Beni, zinangaa kama kioo. Directeur akasema sasa ziko mupya sana, itakuwa ni faux, za bandia.

Nilitaka kumumezesha moja.

Mwishowe batu wakanionyesha mama Kahambu, hapa Butembo, mwenye kununua vitu vya zamani na kuvituma Kampala. Akapitisha sumaku, haikushika. Akaweka ku mizani ya zahabu, uzito moja zote.

"Ni za kweli, Papa. Ni argent, madini ya feza."

Nikaanza kuona ukuta wa nyumba.

Akachukua loupe, kioo cha kukuza, akageuza upande wa ndege. Chini ya ndege munakuwaka kaherufi, kanaonyesha fasi yenye walitengenezea. Pièce za herufi zingine ni nyingi, za zingine haba, na haba njo ziko na bei. Akafika ku moja yenye C mbili, akaisogeza ku mwangaza.

"Hii nani aliisugua?"

"Muloko wangu."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakamua ndimu."

Akanieleza polepole, kama kwa mugonjwa. Wenye kukusanya hizi pièce banalipia ule weusi wa miaka, ile ngozi yake ya kwanza. Ukishaikwaruza, inabaki bei ya uzito tu. Ile moja, na weusi wake, ingenunua parcelle muzima. Akalipa uzito, ya C mbili akaongeza kidogo.

Nilimueleza Mama akiwa anamenya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Donc mulisafisha nyumba yangu mpaka ikaisha."

Tulipata nusu ya parcelle, ku muteremuko kwenye hata moto, ile pikipiki, inakataa kupanda. Ya kujenga hakuna. Kila siku ya yenga, kisha culte ya kanisa, Mama anaenda kule, anakaa ku jiwe, anaangalia maharagi yenye alipanda pale. Kisha anashuka kulala kwa mwenye nyumba.

Wenye muko na pièce za urithi: hapana osha, hata na mate. Tazama kaherufi, pima, kisha uliza batu wawili wasiojuana. Cambiste anajua karatasi tu.

Wenye mulishauza hizi vitu, semeni mulifanyaje. Kasereka anasomaka humu, mumuambie yote yenye iko ku roho. Mimi, Mama alishaniambia.