Krismasi Niliyoila Nyuma ya Jiko

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Nilikuwa na wivu. Nalitanguliza hilo ili mtu asifike katikati akadhani nataka kujisafisha.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Mume wangu alikuwa fundi mwashi, tukikaa Mwanjelwa, Mbeya, kwenye vyumba viwili. Watoto walikuwa wanne: mvulana wa miaka minane, binti wa mitano, mvulana mwingine wa mitatu, na mchanga wa mgongoni. Mimi ni Mnyakyusa, mume wangu Mhehe wa Iringa. Desemba ikifika mvua inasimamisha ujenzi, basi tunafunga mizigo kwenda kula Krismasi Ipogolo, kwa baba yake.

Anayesema sikukuu ni mapumziko hajasafiri na watoto wanne kwenye basi la siku zile. Likikwama matopeni wanaume wanashuka kusukuma, na wewe unabaki ndani na wanaotapika. Mwaka huo nilibeba debe la mchele wa Kyela na nguo mpya za watoto. Gauni la binti nilimwagiza fundi alishone lifike kwenye vifundo vya miguu, alivae miaka miwili. Mtoto anakua, gauni halikui.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki. Nyumba ile aliishika mke wa mdogo wake mume wangu, ambaye watoto wangu walimwita mama mdogo. Ameolewa mwaka wa nne, hajapata mtoto. Alikuwa na cherehani ya mkono, sauti laini, na muda. Muda ndio ulioniuma zaidi.

Maana mimi muda sikuwa nao, wala sehemu ya kukaa sikuwa nayo. Kwetu Unyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye, hapiti njia anayopita, jina lake halitaji. Ukisikia kikohozi chake unajifunika na kutoroka. Nilifundishwa hivyo na shangazi zangu kabla sijaolewa, na nilifundika. Kwa hiyo kule Ipogolo makao yangu yalikuwa jikoni na nyuma ya jiko. Nilitwanga, nilipika, nilifua nepi, niliteremka mtoni Ruaha Mdogo na ndoo kwa njia ya mzunguko ili nisikutane na mzee. Chakula nilikipakua mimi. Aliyekipeleka ni yeye, mama mdogo. Anapiga magoti, anamnawisha mzee mikono, kisha anakaa pale pale mkekani na watoto wangu kumzunguka.

Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta wa matete. Mzee anawatania wajukuu, anamwambia binti yangu kwamba yeye ndiye mke wake mdogo na ugali wake umechelewa. Mtoto anacheka mpaka anapaliwa, na anayempiga mgongoni taratibu ni mwanamke mwingine. Mimi nimeshika mwiko.

Mkesha wa Krismasi nikamvalisha lile gauni. Akalikanyaga, akaanguka, akasema halitaki. Saa hiyo hiyo mama mdogo akamtolea jingine, la kitambaa cha buluu chenye marinda, linaishia magotini, limemkaa kama aliyezaliwa nalo. Kumbe alikuwa akimshonea siku zote zile. Aliniuliza kwa adabu kama nakubali. Nikamwambia avae tu, kwa sauti ya kusema asivae. Kesho yake kanisani kila mtu akamsifu mtoto, na sifa zikaenda kwa aliyemshika mkono. Wali wa siku ile nilioupika mwenyewe, wa mchele wangu mwenyewe, niliulia nyuma ya jiko nimekalia kinu kilicholazwa. Haukuwa na ladha.

Baada ya siku tatu binti yangu alianza kulala chumbani kwa mama mdogo. Nikimwita, anakuja akiwa amegeuza shingo kutazama alikotoka. Nilimfinya sikio mara moja bila kosa. Naliandika kwa sababu nilifanya.

Asubuhi ya safari ya kurudi, nikiwa nakoroga uji, nikamsikia mzee upande wa pili wa matete akizungumza na mume wangu. Alisema nyumba imenyamaza mno, mama mdogo hana wa kumtuma wala wa kumfunga nywele, na sisi tunao wanne. Huyu wa kike abaki hapa, akuzwe hapa. Si jambo geni. Watoto wa ndugu ni wa wote, wengi tumekulia kwa shangazi na mama wadogo. Nikangoja mume wangu akatae. Akasema, "Sawa, baba."

Uji uliungua. Sikuuepua. Nilizunguka jiko na mchanga wangu mgongoni, mwiko ungali mkononi unadondosha, nikaenda nikasimama mbele ya baba mkwe wangu na uso wazi. Nilikuwa nafanya jambo ambalo kwetu ng'ombe hutolewa ili kulisafisha.

"Baba," nikasema, "mtoto wangu naondoka naye."

Mume wangu akainamisha kichwa. Mzee alinitazama kama mtu aliyeletewa mgeni.

"Kumbe unasema," akajibu. "Mwanangu, mwaka wa tisa huu. Hujawahi kuniamkia hata siku moja. Nikija unakimbia kama umeona nyoka."

Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo heshima ya kwetu, na kubwa kuliko hiyo hatuna. Akamgeukia mwanawe, akamuuliza kwa nini hakumwambia. Mume wangu akasema alidhani mzee anajua. Wanaume hao.

"Sisi tulikuwa tunasema anatuona si watu," mzee akasema polepole. "Mpaka marehemu mama yenu alikufa akisema hivyo."

Hilo lilinichoma. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, ameshikana mkono na binti yangu.

"Na mimi, dada," akasema, "nilidhani umeninunia."

"Wewe nilikununia kweli," nikamjibu.

Mzee akacheka, yeye peke yake. Kisha akasema mtoto ni wa mama yake, hatachukuliwa kwa nguvu, lakini aulizwe mwenyewe. Nikaona midomo ya binti yangu inafunguka, na nilijua itakachosema. Nikamwambia mzee kwamba mtoto wa miaka mitano haulizwi. Ndilo neno langu la tatu kwake, na lilikuwa kali kuliko la kwanza. Akanyanyua mkono, maana yake yamekwisha.

Binti alilia kutoka Ipogolo mpaka giza lilipoingia. Nilimwacha alie. Mwanamke yule alikuwa ametusindikiza barabarani, akamfuta mtoto kamasi kwa upindo wa kanga yake akarudi. Nilikuwa nimeshinda, na sikuona raha. Kile nilichokuwa nakililia, kwamba mtoto anitazame vile alivyomtazama yule, hakikuwa ndani ya basi.

Binti alipofikisha miaka kumi na miwili aliomba kwenda likizo kwa mama mdogo wake, na mwaka uliofuata, na mwingine. Niliruhusu. Salamu sikutuma hata mara moja, ulimi ulikataa. Lakini yeye kila akirudi aliniletea salamu nyingi, na akasema zangu zilipokewa kwa furaha. Zangu nilijua alizitunga njiani. Nilichukua miaka kuelewa kwamba pengine na za yule pia. Sikumgombeza.