Rangi Isiyo na Sumu

Boti letu la chuma lilivusha watu mto Ruvubu, na kila kiangazi tulilipindua ukingoni tukapigana na tumbo lake. Ukoga, konokono, kutu. Niligonga kwa patasi mpaka viganja vikachubuka, na nilifurahia, maana kuna siku mtu anahitaji kitu cha kupiga. Zamani wenye vyombo wote tulipaka oili chafu iliyochanganywa na dawa ya kupe. Konokono walikufa kweli. Samaki nao wakaelea matumbo juu, na ndama wa mzee mmoja, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, alikunywa maji pale akaanguka akitoa povu. Wafugaji wakaapa kumvunja mikono atakayerudia.

Ndiyo maana mume wangu alisafiri hadi Mwanza akarudi na rangi ya aina nyingine, makopo mawili: moja la rangi, la pili la dawa ya kukaushia. Haiui kitu, alinieleza. Ikikauka inakuwa laini hata ukoga unakosa pa kushika, na maji hayakifikii chuma. Ila ikiwa mbichi inaunguza. Alinivalisha glavu yeye mwenyewe.

Tulikuwa tumepaka ubavu mmoja yule mzee alipotokea na wanaume watano wenye fimbo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Shikamoo, mzee," mume wangu alisema.

Hakuitikia. "Hiyo langi ina nini?"

"Haina sumu."

"Basi onja."

Kwetu Ngara hata pombe ya ndizi haipokewi mpaka mwenyeji aonje kwanza mbele ya mgeni. Asiyeonja ana lake jambo. Wahamiaji walijifunza kwetu desturi hiyo, na sasa walitudai sisi. Mume wangu akacheka. Mungu amsamehe kicheko kile! Akasema rangi mbichi haionjwi, na kwao hiyo ikawa ndiyo kukiri.

Fimbo ya kwanza ilimpata sikioni. Alipoanguka walimpiga mgongo, mbavu, vidole alivyojikingia. Nilimrukia aliyekuwa karibu nikampasua paji la uso kwa patasi, damu ikamfumba macho, na ningempiga tena kama nisingekamatwa nywele nikaburutwa kwenye mawe. Kutoka pale chini niliona wawili wamemkalia mume wangu kifuani, wa tatu anamkandamizia mdomoni brashi inayochuruzika. Mzee alisimama akitazama, kama anayesubiri ng'ombe amalize kunyweshwa.

Mume wangu alimeza. Kisha akaanza kutapika damu, na fimbo zikaacha.

Zahanati iko ng'ambo, na boti lilikuwa limepinduliwa. Waliompiga ndio waliolishika nami, wakaligeuza, wakaliburuta kwenye changarawe rangi ikiwa mbichi. Nilikaa nimempakata kichwa, nikiwatukana kila kipigo cha kasia, kwa Kiswahili na kwa Kihangaza.

Alipona, kama huko ni kupona. Koo liliungua, na sauti yake leo ni pumzi tu. Mtu huinama ili amsikie. Watu walituambia tusameheane, tunaishi mto mmoja. Yeye alisamehe. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza si kusamehe.

Kiangazi kilichofuata tulilipindua tena boti. Palipokwaruzwa na changarawe kutu ilikuwa imekula chuma mpaka kidole kinapita. Penye rangi iliyobaki palikuwa safi, ukoga ulitoka kwa kupangusa na kitambaa. Habari zikasambaa, na jioni moja yule mzee akaja nyumbani, kofia mkononi. Birika lake la bati la kunyweshea ng'ombe lilikuwa linaoza kwa kutu. Aliomba lipakwe rangi ile.

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Nilishika fremu ya mlango kwa nguvu, nisije nikashika kitu kingine.

Mzee alisita. "Na ng'ombe wakiilamba?"

Kisha akainama, akamsogezea mume wangu sikio, asikie jibu.